Vipimo vya moyo ni safi, mbona bado nahisi nakufa?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina watoto wawili. Miezi saba iliyopita nikiwa kwenye basi, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, kifua kikabana, vidole na midomo vikafa ganzi, jasho jembamba likanitoka, nikaona kabisa kwamba nakata roho. Nilikimbizwa hospitali, nikapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema moyo hauna shida. Tangu hapo hali hiyo imenirudia mara nyingi, na mara nyingine hunikurupusha usingizini. Nimepimwa ECG mara mbili zaidi, ultrasaundi ya moyo, damu na tezi ya shingo, vyote safi. Siku hizi sipandi basi peke yangu, mume wangu hunisindikiza kazini, natembea na chupa ya maji na kila mara najishika mkono kuhesabu mapigo. Daktari mmoja alinipa sertralini. Nilikunywa siku sita nikawa nahangaika zaidi, silali, nikaacha. Shemeji yangu akanipa vidonge vyake vya diazepamu, hivyo vinanituliza vizuri, ila naogopa. Mume wangu anasema ni mawazo tu, ndugu wengine wanasema imani yangu imepungua. Je, moyo wangu una ugonjwa ambao vipimo havioni? Naelekea kuwa kichaa? Na dawa hizo nikizianza tena, ndiyo nitazinywa maisha yangu yote?"

Marahaba dada, na pole kwa miezi saba hiyo. Kitu kimoja kwenye barua yako kinanisumbua kuliko vingine vyote: kila ulikokwenda umeambiwa huna kitu. Hilo ni jibu la nusu. Moyo hauna kitu, sawa, lakini wewe una kitu, kina jina, kinaeleweka na kinatibika. Dalili ulizozitaja zinafanana mno na ugonjwa wa hofu ya ghafla. Mtu hupatwa na shambulio la hofu kali bila taarifa, likiisha anabaki akiliogopa lijalo, na polepole anaanza kupanga maisha yake yote ili alikwepe. Ugonjwa hauthibitishwi kwa barua, kwa hiyo haya nitakayoandika yapeleke kwa mtaalamu atakayekaa na wewe ana kwa ana. Ila sitaki uende huko mikono mitupu.

Tuanze na moyo, maana najua usipotulizwa hapo hutasikia neno lingine. ECG tatu, ultrasaundi, damu na tezi, vyote safi kwa mwanamke wa miaka 34: kwa watu wengi huo ni uchunguzi wa kutosha. Umeuliza kama kuna ugonjwa ambao vipimo hivyo havioni. Upo mmoja wa kuufikiria, nao ni hitilafu ya mapigo inayokuja na kuondoka, ambayo ECG haiwezi kuidaka ikiwa ulipimwa wakati moyo umeshatulia. Hitilafu hiyo ina tabia zake. Mapigo hupaa kwa mara moja na kukatika kwa mara moja, au mtu anazimia kweli hadi anaanguka, au inamjia katikati ya mazoezi, au ana ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Ukijiona kwenye mojawapo ya hayo, mwombe daktari kifaa kinachovaliwa mwilini kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi. Shambulio la hofu lina mwendo mwingine: hupanda, hufika kileleni kwa kawaida ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe na kumwacha mtu hoi. Waulize pia kama walipima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu nao huupeleka moyo mbio.

Baada ya hapo, ECG ya nne nisingekushauri, hata kama unaweza kuilipia. Nadhani umeshaona mwenyewe jinsi majibu mazuri yanavyokutuliza siku mbili tatu, halafu swali linarudi: je, kama walikosea? Kila kipimo kinachofuata kinatuliza kwa muda mfupi zaidi kuliko kilichotangulia.

Sasa, kwa nini mwili wenye moyo mzima ufanye vile? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo huhisi hatari kabla wewe hujaanza hata kuifikiria. Ni kama mlinzi wa usiku: kazi yake ni kupiga filimbi mapema, na afadhali apige kwa ajili ya paka kuliko akae kimya mwizi akipita. Filimbi ikilia, mishipa ya fahamu na adrenalini kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo huuweka mwili tayari kupigana au kukimbia, kama alivyoeleza mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon mwaka 1915. Moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu, pumzi zinaongezeka, jasho linatoka kuupoza mwili. Ungekuwa unakimbia moto, usingeyaona hata kidogo mabadiliko hayo. Ungekuwa unakimbia tu.

Tatizo ni kwamba wewe hukukimbia. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha basi, unapumua kama anayekimbia. Mtu akipumua hivyo huku misuli haifanyi kazi, kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu. Ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo hubana kidogo, na hapo ndipo kinapotoka kizunguzungu na ile hali ya kuona vitu kama vipo mbali au si halisi. Neva za vidole na za kuzunguka midomo huwa nyepesi kushtuka, ndiyo ganzi yako. Misuli ya mbavu iliyofanya kazi ya ziada hukaza, ndicho kifua kinachobana. Oksijeni muda wote huo unayo tele. Ila kwa kuwa unahisi hewa haitoshi, unavuta zaidi, na huko kuvuta zaidi ndiko kunakozidisha dalili.

Na kuzimia? Watu wengi wenye mashambulio haya huogopa kuanguka mbele za watu. Mtu huzimia pale shinikizo la damu linaposhuka ghafla, na katika shambulio la hofu kwa kawaida shinikizo hupanda. Ndiyo maana unahisi utaanguka mara hamsini na huanguki. Wachache ambao kweli huzimia kwa hofu ni wale wanaoogopa kuona damu au sindano, na mwili wao hufuata njia tofauti.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alieleza kinachogeuza tukio moja kuwa ugonjwa. Mtu huhisi jambo dogo mwilini, pigo la moyo lililoruka, joto, kizunguzungu cha njaa. Analitafsiri kuwa balaa: nakufa, narukwa na akili. Tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inaleta adrenalini, adrenalini inaongeza mapigo, na mapigo yanaonekana kuthibitisha kwamba kweli anakufa. Duara hilo huzunguka kwa sekunde chache tu. Hata yale ya usiku, ambayo najua yanakutisha zaidi kwa sababu hukuwa ukiwaza lolote, hayahitaji ndoto mbaya. Hutokea mara nyingi katika usingizi usio na ndoto, mwili unapobadilisha kina cha usingizi, na mtu huamka akiwa tayari ndani ya shambulio. Hayo ya usiku yanamjibu mumeo pia. Mtu aliyelala fofofo hakai akajitafutia mawazo.

Kuhusu ukichaa, nakujibu bila kuzunguka: ugonjwa huu haugeuki kuwa ukichaa. Anayeugua magonjwa yale ambayo watu huyaita ukichaa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushikilia imani zisizo za kweli bila kuzitilia shaka. Wewe unatilia shaka kila kitu, hadi ECG. Na hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, ambayo huu wako ni mmojawapo, na kwamba ni takriban mtu mmoja kati ya wanne wanaohitaji tiba ndiye anayeipata. Miongoni mwao wamo waumini wa dini zote. Sali kama unavyosali. Kupungukiwa imani hakumfanyi mtu afe ganzi midomo, na kutibiwa hakumpunguzii mtu imani.

Jambo ninaloomba ulichunguze kwa makini zaidi ni chupa ya maji, mkono unaohesabu mapigo, na mume anayekusindikiza. Unaviona kama vitu vinavyokuokoa. Mimi naviona kama vitu vinavyoulisha ugonjwa. Chukua kuhesabu mapigo. Unaweka vidole kwenye kifundo cha mkono ukiwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe umeshaongeza mapigo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na ukipanda ngazi unaweza kuvuka 120 bila shida. Lakini wewe ukikuta 96 unashtuka, unahesabu tena, unakuta 108. Ukiendelea hivyo dakika tano utakuwa umejitengenezea shambulio kwa vidole vyako mwenyewe. Halafu mioyo mizima pia huruka pigo moja moja, na anayehesabu siku nzima lazima atalinasa.

Basi nalo ni vilevile. Kila unaposhuka kabla ya kituo chako, hofu inashuka pamoja nawe, na ubongo unajifunza kwamba umepona kwa kuwa ulishuka. Haukupata nafasi ya kuona kwamba hofu ingeshuka hata ungebaki kwenye kiti. Umeshapita kwenye mashambulio mengi, hukufa hata katika moja, lakini somo hilo halikuingia kwa sababu kila mara sifa ya kukuokoa ilikwenda kwa chupa, kidonge, mume au mlango wa basi.

Kwa hiyo tiba ninayoiweka mbele ni tiba ya mazungumzo iitwayo tiba ya fikra na tabia. Haiishii kwenye kupewa pole na kushauriwa usiwaze. Mwongozo wa tiba wa Uingereza hupendekeza jumla ya saa 7 hadi 14, kwa kawaida kikao kimoja kwa wiki, na kati ya vikao kuna mazoezi ya nyumbani. Moja ya mazoezi hayo huwashangaza wagonjwa: mtaalamu anakuomba uzilete zile dalili makusudi. Unapumua kwa haraka kwa dakika moja, au unakimbia papo hapo ulipo, au unazungushwa kwenye kiti hadi kichwa kizunguke. Ganzi inakuja, moyo unadunda, halafu mnakaa pamoja mkiangalia vikipungua bila maji, bila kidonge, bila kukimbia. Mara ya kwanza inaogofya. Kadiri unavyorudia, mwili unachoka kuiogopa. Usianze mazoezi haya peke yako kama una pumu, kifafa, ujauzito au ugonjwa wowote wa moyo, na hata usipokuwa navyo, mara za kwanza ni bora ziwe mbele ya mtaalamu.

Wengi hufundishwa pia kupumua polepole, kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Ni msaada, lakini angalia lisigeuke kuwa chupa nyingine ya maji, kitu ambacho bila hicho huthubutu kutoka nje.

Sasa dawa. Sertralini haikukosewa. Ni moja ya dawa zinazotumika kwanza kwa ugonjwa huu duniani kote. Kilichokupata kinafahamika vizuri: siku za mwanzo dawa za kundi hilo huweza kuongeza mahangaiko, kichefuchefu na kukosa usingizi, na mtu mwenye ugonjwa wa hofu huyaona maudhi hayo kwa ukali kuliko wengine kwa sababu ameshazoea kuuvizia mwili wake. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita, wakati mwingine zaidi. Uliacha siku ya sita, ukiwa umeonja ubaya wake bila kufikia faida yake. Ulipaswa kuambiwa hayo siku ile ulipoandikiwa. Kwa ugonjwa huu huwa tunaanza na dozi ndogo, miligramu 25 kwa siku kwa wiki ya kwanza, ndipo tunapanda hadi 50. Muulize daktari wako ulianzishiwa ngapi, na kama kuna sababu ya kutoanza chini safari hii. Kabla ya kuandikiwa, mweleze kama una ujauzito au unanyonyesha, kama unatumia dawa nyingine yoyote, hasa tramadoli ya maumivu au dawa za kuzuia damu kuganda, na kama umewahi kupitia siku kadhaa za furaha iliyopitiliza, kulala saa chache bila kuchoka na kutumia pesa ovyo. Hilo la mwisho linabadilisha kabisa uchaguzi wa dawa. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, kwani kwa umri huo kuna tahadhari kuhusu mawazo ya kujiua.

Hutazinywa maisha. Ukipata nafuu, kwa kawaida tunaendelea miezi sita hadi mwaka, kisha tunapunguza kidogo kidogo. Dawa hizi hazimfanyi mtu azitamani kama pombe au sigara, lakini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, hasira za haraka na kitu kama mishtuko ya umeme kichwani, ndiyo maana haziachwi kwa siku moja. Wapo ambao ugonjwa huwarudia baada ya kuacha, na hao huanza tena. Wapo pia ambao hamu ya tendo la ndoa hupungua wakiwa kwenye dawa. Sema mapema likikutokea, maana dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.

Vile vidonge vya shemeji yako vinanitia wasiwasi zaidi. Diazepamu hutuliza ndani ya saa moja, hilo ni kweli, na ndiyo hatari yake. Ikinywewa kila siku, ndani ya wiki chache mwili unaweza kuizoea, dozi ileile ikapungua nguvu, na siku ukiikosa wasiwasi ukarudi kwa kishindo. Inafundisha pia somo lile baya: nimepona kwa sababu nilikuwa na kidonge kwenye pochi. Hujaniambia umeinywa kwa muda gani. Ikiwa ni mara moja moja, mrudishie mwenyewe. Ikiwa ni kila siku kwa wiki kadhaa, tafadhali usiikate leo, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Nenda kwa daktari mpange kuipunguza. Usiichanganye na pombe wala na dawa kali za maumivu, mchanganyiko huo huweza kuzuia pumzi.

Ukiniuliza nichague kipi kati ya dawa na mazungumzo, vyote viwili vinafanya kazi na watu wengi hupona kwa kimoja tu. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya fikra na tabia karibu nawe, anza huko. Usipompata, au kama huli, hulali na kazi inakushinda, anza dawa na ufanye mazoezi ya kurudi kwenye basi wakati dawa inajenga nguvu. Mazoezi hayo usiyaruke kwa vyovyote. Dawa inaweza kupunguza mashambulio, lakini hofu ya basi iliyokaa miezi saba haiondoki mpaka uwe umepanda basi. Punguza pia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwani kafeini huleta mapigo yaleyale unayoyaogopa.

Kuna hali za kutosubiri kikao. Maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito na kuenea mkononi au kwenye taya, kuzimia kweli, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kukosa pumzi kusikopungua hata ukipumzika: hapo nenda hospitali mara moja, usijiambie ni hofu. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, huna hamu hata ya vile ulivyovipenda, unajiona mzigo, mwambie daktari, kwa sababu sonona mara nyingi huja nyuma ya ugonjwa huu na hutibiwa pamoja nao. Likikujia wazo la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo, usibaki peke yako, na uende kituo cha afya kilicho karibu hata kama ni usiku.

Mumeo ningependa asome barua hii, kwa sababu anakupenda na anakusaidia kwa njia inayoukuza ugonjwa. Kazi yake ibadilike kidogo kidogo. Wiki ya kwanza akae nawe kiti kimoja kwenye basi, bila chupa. Hiyo ikizoeleka, akae viti vya nyuma ambapo humwoni. Baadaye apande basi linalofuata, kisha awe anakusubiri kituoni tu. Msihamie hatua nyingine mpaka ile mliyopo iwe imeanza kukuchosha kwa urahisi wake, na shambulio likija njiani msishuke. Asikuulize kila dakika unajisikiaje, asikushike mkono kupima mapigo, na akikuona umeshikwa aseme tu, "Nipo, itashuka," kisha aendelee na mazungumzo ya kawaida, ya watoto, ya kazi, ya chochote. Siku utakayopanda peke yako asikupigie simu njiani. Utampigia wewe ukishafika kazini.